Amana Bila Mwenyewe: Ubunge wa Kisauni na Swali la Nani Anamdai Nani

Miongoni mwa maswali ambayo wanazuoni wa dini na wanafalsafa wa siasa wameyajadili kwa karne nyingi bila kuyamaliza ni lile la hali ya mtu aliyepewa madaraka na wenzake: je, alichopewa ni chao, kimewekwa mikononi mwake akitunze, au kimekwisha kuwa chake kwa muda wote atakaokishika? Katika eneo bunge la Kisauni, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, swali hili lina uzito wa namna yake, kwa sababu watu wa Utange na vijiji jirani kama Mwakirunge, ambako minazi na mihogo bado inapakana na nyumba za udongo na za matofali, wamempigia kura mbunge baada ya mbunge hali wengi wao hawana hati ya ardhi wanayolala juu yake. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kasoro inayolaumiwa sana katika ubunge wa pwani, yaani kugeuza haki za wananchi kuwa zawadi za mheshimiwa, haianzii katika tabia ya mbunge, bali katika hali ya yule anayemtuma, ambaye kwa kukosa mahali pake pa kusimama hawezi kuwa mwenye amana hata kama sheria inamwita hivyo.

Amana, katika fikihi, yaani elimu ya hukumu za dini ya Kiislamu, ambayo pwani ya Kenya hufuatwa zaidi kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ni kila kilicho mkononi mwa mtu hali si chake, naye akawa ameaminiwa nacho. Ndani ya maana hiyo pana mna watu wawili wasiofanana. Wa kwanza ni aliyewekewa kitu akihifadhi, mapatano yaitwayo wadia. Huyu hana ruhusa ya kukitumia, wala halipi kikipotea pasipo uzembe wake, lakini inampasa akirudishe siku mwenyewe atakapokidai. Wa pili ni wakili, aliyetumwa atende kwa niaba ya mwingine, kama vile kumuuzia mali au kumwozea binti. Huyu anayo ruhusa ya kutenda, ila kwa mipaka aliyowekewa, na uwakala wake hukatika mmoja wao akifa au aliyemtuma akimwondoa. Mbunge ana sura zote mbili, kwani ni wakili anaposema na kupiga kura bungeni, na ni mwekewa anaposhika fedha za umma. Jambo ambalo aghalabu hupitwa mbio ni kwamba katika sura zote mbili hukumu huanza na mwenyewe: sharti awepo mtu anayemiliki na anayeweza kudai, la sivyo hapana amana ya kuzungumzia.

Wanazuoni waliogeuza maana hii kuwa nadharia ya utawala wako wengi, na aliyekwenda mbali zaidi ni Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, ambaye katika kitabu chake cha siasa ya kisheria alijenga hoja yake juu ya aya ya 58 na ya 59 za Sura An-Nisaa, ya kwanza ikiamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Kwake yeye, kumpa mtu cheo kwa ajili ya udugu au rushwa hali yupo anayestahiki zaidi ni khiyana, yaani kuvunja amana, hata ikiwa hakuna senti iliyoibwa. Ipo pia hadithi mashuhuri ya Ibn al-Lutbiyya, mtu aliyetumwa na Mtume kukusanya zaka, naye aliporudi akatenga mafungu mawili, moja akalikabidhi, la pili akasema ni zawadi aliyopewa yeye. Mtume akauliza mbele ya watu kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa babake na mamake angoje aone kama zawadi hizo zingemfikia. Hadithi hiyo hutumiwa kukemea viongozi wanaopokea. Kwa siasa za Kenya, ambako kiongozi ndiye anayetarajiwa kutoa, mizani yake inafaa kugeuzwa upande wa pili: mheshimiwa anayenunua sanda, anayelipa karo na anayeweka bahasha katika harambee, angefanya hivyo kama angekuwa amekaa kwa babake, hana kura anayoitaka? Na je, yule anayepokea angemwendea mlangoni kama angekuwa na pengine pa kwenda?

Sehemu ya pili ya swali hilo haijibiki bila kutazama ardhi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha Sheria ya Hati za Ardhi kwa ajili ya ukanda wa pwani, ule uliokuwa chini ya jina la Sultani wa Zanzibar, ikamtaka kila anayedai ardhi afike mbele ya msajili na kuthibitisha dai lake. Madai yaliyokubaliwa yakapewa hati, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Mwingereza. Wamijikenda, wenyeji wa ukanda huo, ambao ardhi yao ilishikwa kwa mbari na kwa desturi, si kwa karatasi ya mtu mmoja mmoja, walibaki nje ya daftari hilo kwa wingi, na hivyo wajukuu zao wakazaliwa wakiwa maskwota, yaani wakaaji wasio na haki ya kisheria, katika mashamba ambayo hati zake ziko kwa watu wanaoishi mjini, ng'ambo, au wasiojulikana waliko. Juu ya hayo Mombasa ina utaratibu wake wa kale wa nyumba bila ardhi, unaotokana na desturi ya pwani, iliyokubaliwa na fikihi, ya kuweza kumiliki jengo au mnazi pasipo kumiliki udongo ulio chini yake. Mtu hujenga nyumba yake, huipangisha, huirithisha na huiuza, lakini kila mwezi humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja, na haruhusiwi kuinua jengo la kudumu. Utaratibu huo ulikuwa na adabu yake zamani, pale mwenye ardhi na mwenye nyumba walipokutana msikitini kila Ijumaa. Ardhi ilipouzwa kwa kampuni na kwa wageni wa mbali, adabu ikaondoka na buldoza likabaki.

Mpiga kura wa namna hii anapokwenda kituoni hatafuti wakili wa kumsemea juu ya kodi ya mapato au mikataba ya kimataifa. Anatafuta mtu atakayepigiwa simu usiku wakati polisi wamekuja na amri ya kubomoa, na atakayefika. Uhusiano huu una jina jingine katika historia ya Waarabu na ya pwani, nalo ni himaya, yaani ulinzi ambao mwenye nguvu humpa mnyonge aliyejiweka chini yake, na kanuni yake ni kinyume kabisa cha kanuni ya amana. Katika amana anayedai ni yule aliyetoa. Katika himaya anayedai ni mlinzi, naye hudai utiifu na shukrani. Ubunge wa Kisauni umeandikwa katika sheria kwa lugha ya amana, lakini umeishi kwa desturi ya himaya.

Hakuna maisha ya kisiasa yanayoonyesha jambo hili kwa uwazi zaidi kuliko ya Emmanuel Karisa Maitha, aliyeitwa na wafuasi wake Mugogo. Alichaguliwa kuwa mbunge wa Kisauni katika uchaguzi wa Desemba 1997 kwa tiketi ya chama cha DP, chama cha Mwai Kibaki ambacho pwani kilitazamwa kama chama cha watu wa bara, wakati Kisauni ilikuwa bado haijagawanywa na ilijumuisha pia Nyali. Miezi minne tu kabla ya hapo, usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, wavamizi walikuwa wameshambulia kituo cha polisi cha Likoni na baadaye wakawageukia wakazi waliotoka bara, wakawaua, wakawachomea nyumba na kuwafukuza, katika ghasia ambazo zilihusishwa na viapo vilivyoliwa katika msitu wa Kaya Bombo huko Kwale. Jina la Maitha lilikuwa miongoni mwa majina ya wanasiasa yaliyotajwa wakati wa uchunguzi wa ghasia hizo, uliofanywa na Tume ya Jaji Akiwumi, ingawa hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Kwa hiyo huyu alikuwa mtu aliyeinuliwa na mori wa wenyeji walionyimwa ardhi, na papo hapo akapeperusha bendera ya chama kilichotegemea kura za wale walioambiwa waondoke.

Wachambuzi wengi hulisoma jambo hili kama ujanja. Linaweza kuwa ujanja, lakini linafundisha kitu kuhusu himaya ambacho nadharia ya amana haikitazamii: mlinzi hahitaji kuwa na itikadi moja na wanaolindwa, wala wanaolindwa hawahitaji kupatana wao kwa wao, mradi kila kundi liamini kwamba akipigiwa simu yeye ndiye atakayekuja. Skwota wa Kigiriama, mmoja wa Wamijikenda, na mwenye kioski aliyetoka bara walikuwa na hofu mbili zinazopingana, na Maitha, kwa sauti yake ya majukwaani na mizaha yake ya kupasua mbavu, aliweza kuwa jibu la hofu zote mbili. Mtu anayewawakilisha watu kwa maoni yao hawezi kufanya hivyo, kwa sababu maoni hugongana, ilhali hofu zinaweza kukaa pamoja chini ya paa moja.

Muungano wa vyama wa NARC, ulioongozwa na Kibaki, uliposhinda mwaka 2002, Maitha alirudi bungeni na Januari 2003 akateuliwa Waziri wa Serikali za Mitaa. Wizara hiyo, kabla ya Katiba ya 2010 kuleta kaunti, ilikuwa na mamlaka makubwa juu ya mabaraza yote nchini kupitia Sura ya 265 ya Sheria za Kenya, hadi uwezo wa kuteua madiwani wasiochaguliwa. Aliitumia kwa kelele na kwa kasi: mwaka huohuo mfuko wa kuzisaidia familia za mitaani ulianzishwa chini ya wizara yake, na vijana wengi wakaondolewa barabarani mjini Nairobi wakapelekwa katika mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa. Katika mabadiliko ya baraza la mawaziri ya katikati ya 2004 alihamishiwa Utalii na Wanyamapori, na tarehe 26 Agosti 2004 akafariki ghafla akiwa Ujerumani. Kwa hukumu ya uwakala kazi ilikoma hapo, amana ikawarudia wenyewe, nao katika uchaguzi mdogo wa Desemba mwaka huo wakamkabidhi Anania Mwaboza. Kwa hukumu ya himaya mambo hayakuwa mepesi hivyo, kwani mlinzi akifa wanaolindwa hawapati uhuru, hubaki wazi kwa jua na mvua. Pengine ndiyo sababu kilio chake kilikuwa kikubwa kuliko kilio cha mawaziri waliofanya mengi zaidi kwa utaratibu zaidi.

Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge, iliyojulikana kwa kifupi cha CDF, iliyotenga sehemu isiyopungua asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali igawiwe maeneo bunge. Tangu hapo mlinzi hakuhitaji tena mfuko wake mwenyewe. Fomu ya basari, yaani msaada wa karo unaotoka katika hazina hiyo, inastahili kutazamwa kwa karibu na mtu yeyote anayeshughulikia dini na siasa, maana mara nyingi ina nafasi ya sahihi ya chifu na nafasi nyingine ya kiongozi wa dini, ambaye kwa muhuri wa msikiti au wa kanisa hushuhudia kwamba mwombaji ni maskini kweli. Mzazi wa Utange huanza kwa imamu au kasisi, akaenda kwa chifu, kisha akapanga foleni katika ofisi ya mbunge, na mwisho wake hundi hukabidhiwa katika mkutano ambapo mheshimiwa hushukuriwa kwa dua. Fedha ni za walipa kodi, na mzazi mwenyewe, kila anunuapo sukari au mafuta ya taa, ni mmoja wao. Kilichotokea ni kwamba mwenye mali amethibitishiwa umaskini wake na viongozi wake wa dini ili apewe sehemu ya mali yake na yule aliyemkabidhi, naye akashukuru.

Injili ya Luka, katika sura ya 16, ina mfano ambao wahubiri wa Kikristo huupitia kwa mashaka, wa msimamizi aliyejua kwamba anakaribia kuachishwa kazi, akawaita wadeni wa bwana wake mmojammoja na kuwapunguzia madeni yao, ili siku atakapokuwa hana kazi wamkaribishe nyumbani mwao. Kinachowasumbua wafasiri ni kwamba bwana wake alimsifu kwa busara. Fasiri nyingi zimetolewa, nyingine zikisema kwamba alichosamehe kilikuwa sehemu yake mwenyewe ya faida. Lakini msomaji wa Kisauni ana sababu ya kukaa na upande wa wadeni, ambao mfano haukuwapa neno zaidi ya kutaja kiasi cha deni lao. Wao walijua kwamba mafuta na ngano havikuwa vya msimamizi, na hata hivyo waliandika hati mpya upesi kama walivyoambiwa, kwa kuwa mtu aliye na deni hana nafasi ya kumhoji anayempunguzia.

Mahakama ya Juu ya Kenya, katika uamuzi wake wa Agosti 2022, iliitangaza sheria ya CDF ya mwaka 2013 kuwa kinyume cha Katiba, kwa hoja kwamba mbunge hawezi kuwa mtunga bajeti, msimamizi wa bajeti na mtekelezaji wake kwa wakati mmoja, na sheria iliyochukua mahali pake ikakumbwa na hukumu ya namna hiyo katika Mahakama Kuu mwaka 2024. Hoja ya mahakama ni ya mgawanyo wa madaraka, na kwa upande huo ina nguvu. Hata hivyo haigusi shina la jambo, kwa sababu hazina ikiondolewa kwa mbunge na kupelekwa kwa gavana, au kwa ofisi nyingine yoyote, mzazi atapanga foleni katika mlango mwingine akiwa na hofu ileile.

Katiba yenyewe, katika kifungu cha 73, inasema kwa maana kwamba mamlaka ya afisa wa dola ni amana ya umma, na katika kifungu cha 104 inawapa wapiga kura haki ya kumwita nyumbani mbunge wao kabla ya muda wake. Haki hiyo ya kuondoa ndiyo alama kuu ya uwakala, na swali la karibu nayo, la kama mbunge yuko chini ya amri ya waliomtuma, ndilo lililomtenganisha mwanasiasa wa Uingereza Edmund Burke na wapiga kura wake wa Bristol mwaka 1774, alipowaambia kwamba anawawia akili yake, si utiifu; miaka sita baadaye Bristol haikumrudisha bungeni. Nchini Kenya masharti ya kutekeleza haki ya kumwondoa mbunge yaliwekwa mazito kiasi kwamba mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha sehemu yake. Wabunge waliotunga masharti hayo walilaumiwa, na lawama iliwafaa. Lakini hata yangekuwa mepesi, ni mkazi gani wa shamba linalodaiwa na kampuni angetia sahihi yake na nambari ya kitambulisho katika ombi la kumwondoa mtu pekee mwenye uwezo wa kusimamisha buldoza?

Lipo pingamizi zito dhidi ya hoja hii, nalo ni kwamba inawasafisha wabunge kwa kuwatwika lawama wanyonge. Pingamizi hilo lingesimama kama hali ya mnyonge ingekuwa imejiumba yenyewe, lakini ardhi ya pwani imebaki bila kutatuliwa kwa maamuzi ya watu wanaojulikana, wakiwemo wawakilishi. Ronald Ngala, mwalimu wa Kigiriama aliyeongoza Shule ya Buxton mjini Mombasa kabla ya kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, ndiye aliyebeba kwa jina la chama cha KADU dai la majimbo, yaani mfumo ambao ungeacha mamlaka ya ardhi mikononi mwa mikoa. Novemba 1964 alikivunja chama chake na kuvuka upande wa chama tawala cha KANU. Wapo wanaosema alisalimisha kilichokuwa kimekwisha kupotea, na huenda ni kweli, kwa kuwa wabunge wake walikuwa wakimhama. Swali la fikihi, hata hivyo, linabaki mahali pake: wakili aliyetumwa kutetea shamba anaweza kulipunguzia bei, anaweza kuahirisha, lakini kuliachilia lote bila kurudi kwa aliyemtuma ni kupita mpaka wa uwakala. Ngala baadaye akawa waziri, akafariki Desemba 1972 kutokana na ajali ya gari. Mwanawe Noah Katana Ngala naye akafika bungeni na katika baraza la mawaziri. Uwakala haurithiwi, ila himaya hurithiwa.

Na katika ukanda huohuo palikuwa na kielelezo kingine cha kuwakilisha. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mjane ambaye hakuna aliyempa cheo, aliwakusanya Wagiriama Kaya Fungo na kuwalisha kiapo dhidi ya kodi na kazi za Waingereza, wakati wazee waliopewa vyeo na serikali walikuwa wakipokea mshahara kwa jina la watu haohao. Kiapo kilimfunga yeye kama kilivyowafunga wao, na adhabu yake haikutofautisha aliyetuma na aliyetumwa. Haifai kukipamba mno. Viapo vya mwaka 1997 vilionyesha kinaweza kwenda wapi. Ila kina sifa moja ambayo wadia na uwakala havina, nayo ni kwamba hakimhitaji mwenye mali. Wanaokula kiapo wanaweza kuwa hawana kitu, na bado wakadaiana.

Utange yenyewe iliwahi kupata mfano wa hali hiyo ya kutokuwa na kitu ikiwa imefikishwa ukingoni, pale mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilipokuwa na kambi ya wakimbizi waliokimbia vita vya Somalia, wakiwemo watu wa Barawa wanaosema lahaja ya Kiswahili. Hao waliishi ndani ya eneo bunge, wakanunua na kuuza, wakaswali na wenyeji, na hawakuwa na mbunge kwa sababu hawakuwa na kura. Kambi ilifungwa kabla muongo haujaisha. Majirani zao Wamijikenda walikuwa na kura na hawakuwa na hati, na kwa miaka ile michache ilikuwa vigumu, kwa kutazama tu, kusema ni upande upi wa uzio uliokuwa na wananchi.

Dalili kwamba hati nayo inaweza kutolewa kwa namna inayoacha himaya palepale ilionekana Likoni, katika shamba la Waitiki lenye ekari 930, ambalo maskwota walilikalia kufuatia ghasia za 1997. Serikali ilikubali kumlipa mmiliki shilingi bilioni 1.1, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akaja kugawa hati miliki hadharani, kukiwa kumebaki mwaka mmoja na nusu kufika uchaguzi. Kila familia ilitakiwa kurudisha shilingi 182,000 kwa awamu, wanasiasa wa upinzani wakaja nao jukwaani kuwaambia wasilipe, na kila upande ukasema ndio unaowatetea. Mkazi aliyeingia katika mkutano ule akiwa mtu wa himaya ya mmoja alitoka akiwa na karatasi yenye jina lake, deni lenye tarakimu sita, na walinzi wawili wanaogombania shukrani yake. Naye, kwa kuwa sasa jina lake lilikuwa kwenye daftari la ardhi, aliweza kwa mara ya kwanza kuuliza kwa nini anadaiwa.